Viatu vya Mama Stima

Pale Soko la Toi linapoishia, mitumba ikaachia mafundi nafasi, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Hapo Fatna huweka jiko na birika lake la kahawa ya tangawizi, na hapo kila jioni watu watatu huketi kuhukumu dunia. Wa kwanza ni Nasir, mwenye nyumba za kupangisha kule Makina, Kibera, anayeitwa Jaji kwa sababu hakuna kesi inayofungwa kabla hajakohoa. Wa pili ni Ramzy wa bodaboda, anayeitwa Breki kwa sababu hana. Wa tatu ni Mbithi, fundi wa viatu, mtu wa Machakos, ambaye kibanda chake kiko hatua nne tu kutoka kwenye benchi. Huyu anaitwa Daktari. Hatibu watu wala ng'ombe. Ni daktari wa katuni.

Kwa asiyejua, Kikosi cha Mabati ni kitabu cha katuni cha mashujaa wa mtaani ambacho hawa watatu walikisoma utotoni, hadi siku moja kikaacha kutoka bila hata kuaga. Mwaka huu kimerudi, kimechorwa na mkono mpya. Mashujaa ni wale wale: Mzee Mtaro, anayesikia siri za watu kupitia mabomba ya maji, Kasuku, anayesema kwa sauti ya mtu yeyote, na Mama Stima, anayeshika umeme kwa mikono mitupu bora tu awe amevaa gambuti zake za mpira. Adui naye ni yule yule, Tingatinga, anayetaka kuubomoa mtaa usiku mmoja. Unaweza kucheka watu wazima kubishana juu ya mambo kama hayo, lakini basi hujawahi kuamka ukakuta alama ya X nyekundu ya kubomolewa kwenye mlango wako. Nasir amewahi.

Benchi lina utaratibu wake. Wanachanga, wananunua nakala moja. Daktari anaisoma kwanza, kesho yake analeta ripoti, Jaji anatoa hukumu, na Ramzy anairekodi hukumu hiyo kwa simu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp ambalo lina watu kutoka Toi hadi Makina. Toleo la kwanza walilisifu hadi Fatna akamwongezea kila mmoja kikombe cha bure. Mbithi siku hiyo alirudi nyumbani akitembea kama mwalimu mkuu.

Toleo la pili ndilo lililomwangusha. Aliliweka juu ya meza yake ya kazi alasiri, akapanga kulisoma akifunga. Akaja mteja mwenye haraka, soli inaning'inia, Mbithi akageuka kuchukua nyundo na kiwiko kikausukuma mkebe wa gam ya kubandikia soli. Kufikia jioni kitabu kilikuwa kimekauka na kushikana kurasa zote, kikawa kigumu hivi kwamba ungeweza kukikata kiwe kisigino cha kiatu. Angesema tu. Ni neno dogo, jamani, nilikimwagia gam, tuchange tena. Lakini mtu akishaitwa Daktari huona taabu kukubali kwamba hakusoma. Kesho yake akaliambia benchi kwamba toleo la pili ni la kujaza nafasi, hamna kitu, wasijisumbue, na kwamba nakala amemwazima binamu yake.

Likaja la tatu. Humo Mama Stima anaonekana akishuka kutoka gari kubwa katikati ya wanaume wawili wenye suti, miguuni ana viatu vyeusi vya ngozi, vipya. Gambuti hazipo. Maficho ya Kikosi yamevunjwa. Jaji na Breki wakamgeukia Daktari: wewe umesoma la pili, amefikaje hapa? Na Mbithi, ambaye kazi yake ya miaka kumi na tisa ni kumsoma mtu kuanzia chini, akaitazama ile picha na kusema:

— Aliwauza. Alihongwa viatu. Yote iko kwa toleo la pili.

Akaisema mara moja tu, lakini ilitosha. Hukumu iliyorekodiwa jioni ile ilichukua dakika tano, na ilikuwa na moto.

Sasa hii ninayowasimulia ni siku ya nne tangu hukumu hiyo. Alikuja mwanamke bado kijana, kitambaa kichwani, mfuko mzito begani, akauliza kama kahawa iko. Fatna akamwambia iko, mami, keti. Alipotabasamu kidogo Mbithi akaona pengo kati ya meno ya mbele, na mkono wake ukasimama na sindano hewani. Sura ile ilikuwa nyuma ya jalada la toleo la tatu. Wenzake hawaangaliagi nyuma ya jalada. Yeye alikuwa ameiangalia siku tatu mfululizo, kwa sababu mwenye kosa hawezi kuacha kugusa kidonda chake. Jina lake ni Ndanu, na ndiye mwandishi, ndiye mchoraji.

Angewazuia. Hilo ndilo linalomchoma mpaka leo. Alikuwa na nafasi ya kukohoa, ya kumkanyaga Ramzy mguu. Badala yake aliinamia kiatu cha watu akajifanya anatafuta tundu.

Ramzy akaona kona ya kitabu ikichungulia kwenye mfuko.

— Sista, usiniambie umenunua hiyo.

— Kwani ni mbaya?

— Mbaya ni kidogo. Keti usomewe.

Akasomewa. Ramzy alianza kwa kusema kwamba mwandishi wa zamani alikuwa mtu wa mtaa lakini huyu mpya amelipwa na matajiri wanaotaka kujenga maghorofa, ndiyo maana amemgeuza Mama Stima kuwa msaliti, ili watoto wetu wazoee kuuzana. Nasir akaona hapo Breki amekwenda polepole. Yeye alikuwa amechunguza mistari ya buluu kwenye kurasa, na kwa maoni yake ile ilikuwa ramani ya ploti kabisa. Pale maficho ya Kikosi yalipovunjwa ndipo barabara itakapopita. Sisi watu wa Makina, akasema, babu zetu walipewa hapa kwa mdomo na karatasi hatukuona, tunajua ardhi inavyoanza kwenda. Ramzy hakutaka kuachwa nyuma. Akasema hata huyo mwandishi hayuko, picha zote zimetengenezwa na kompyuta, na kama yuko basi Mama Stima ni yeye mwenyewe anajichora, na ukimpata leo muangalie miguuni, utakuta viatu vya hongo. Fatna akacheka nyuma ya kitambaa chake, kama alivyokuwa amecheka ndani ya ile sauti iliyorekodiwa.

Ndanu alikuwa amevaa raba zilizoshonwa mara mbili ubavuni. Mbithi aliuona mshono huo na akatamani ardhi ipasuke.

— Hiyo sauti yenu nimeisikia, Ndanu akasema. Shangazi yangu wa Satellite alinitumia.

— Imefika mpaka Satellite? Ramzy akauliza, kifua kimepanda.

— Imefika. Sasa nisaidieni kitu kimoja. Hapo Mama Stima anapowauza wenzake, ni ukurasa wa ngapi?

Swali rahisi hivyo. Nasir alimwangalia Ramzy, Ramzy akamwangalia Nasir, kisha wote wawili wakamgeukia Mbithi kwa imani ya watu wanaomjua wakili wao.

— Daktari, mwambie.

Niseme ukweli, namba ilimfika Mbithi mpaka kwenye meno. Kumi na mbili. Ilikuwa namba nzuri, ya katikati, na angeweza kuisema. Ila mwanamke alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, na kidole gumba chake kilikuwa na wino uliokataa kutoka, ule mweusi unaoingia chini ya kucha na kukaa. Mbithi alitazama vidole vyake mwenyewe vilivyoganda gam. Akaweka kiatu chini, akaenda kibandani, akarudi na ule ubao uliokuwa kitabu na kuuweka juu ya benchi. Uligonga mbao.

— Sikusoma, akasema. Kilimwagikiwa na gam siku ile ile. Hata ukurasa wa kwanza sikufungua.

Ramzy alicheka kwanza, akidhani ni mzaha wa kumchokoza mgeni. Alipoona hakuna anayecheka naye akaacha. Nasir alijaribu kukipanua kitabu kwa kucha, kikakataa, na kwa mara ya kwanza tangu benchi liwepo Jaji hakukohoa.

— Na ile ya kuwauza uliitoa wapi?

— Kwa viatu.

Soko nyuma yao liliendelea kupiga kelele za bei kama kawaida. Ndanu alitoa toleo la tatu kwenye mfuko, akafungua ile picha ya gari, na kumwekea Mbithi magotini.

— Wewe ni fundi wa viatu?

— Ndiyo.

— Basi viangalie tena, fundi.

Aliviangalia. Ngozi, kisigino cha chini, pua ya mviringo. Matundu manne kila upande. Matundu matupu. Miaka kumi na tisa ya kushona, na hakuwa ameona kwamba havina kamba.

Ramzy aliinama juu ya bega lake, na sauti yake ikashuka kabisa.

— Hizo ni za seli, Daktari. Mimi mara zote mbili walinitoa mshipi na kamba za viatu kabla ya kunifungia. Huyo mama ameshikwa. Hao wa suti ni makarao, polisi wa nguo za raia.

Na yeye pia alikuwa ameitazama picha hiyo. Amelala seli mara mbili, na akarekodi dakika tano kwamba mama huyo amehongwa. Mbithi alimwona akikisukuma kikombe chake mbali kana kwamba kimemuudhi.

Nasir akamuuliza mgeni, kwa adabu ambayo hakuwa ameitumia jioni ile yote, kama ni yeye.

— Ni mimi, mzee. Naitwa Ndanu. Nimezaliwa Laini Saba, sasa nakaa Gatina. Wenye vibanda wanne huko wamenirudishia vitabu vyangu. Mmoja aliniwekea sauti yenu nisikie, mbele ya wateja. Walisema nawatukana watu wa Kibera. Toleo la nne nimeshalichora, lakini hakuna atakayeliweka kwa kibanda.

Hakupandisha sauti. Afadhali angewatukana, Mbithi aliwaza, mtu akikutukana unapata pa kushikilia. Alihisi masikio yakiwaka moto. Akasema samahani na ikamtoka ndogo, akairudia, ya pili ikawa ndogo zaidi.

Ramzy ndiye aliyetoa simu. Wakarekodi sauti nyingine. Mbithi akasema jina lake kamili, akasema alidanganya, kwamba toleo la pili hakulisoma na kwamba Mama Stima hakumuuza mtu. Ilikuwa ya nusu dakika. Ikatumwa, wakakaa wakiitazama. Ile ya kwanza ilikuwa imeruka kundi hadi kundi kabla kahawa haijapoa, watu wakicheka na kuitumiana. Hii ilikaa pale pale. Baada ya muda mtu mmoja akaweka alama ya kidole gumba, mwingine akauliza nani anauza mtungi wa gesi.

— Hao wa vibanda hawako kwa kundi lenu, Ndanu akasema. Nani atakuja na mimi Gatina awaambie kwa mdomo?

Nasir akakumbuka swala ya Magharibi ilikuwa karibu, ingawa jua lilikuwa bado na kazi. Ramzy akasema kuna mteja anamngoja huko Adams, na akaisema akiangalia chini, na hakuondoka pia. Fatna alipangusa vikombe vilivyokuwa safi. Mbithi akasimama na kuanza kufungua aproni.

— Keti kwanza, fundi. Usome.

Akampa toleo la pili, jipya, bado linanukia wino. Mbithi hakuwahi kusoma huku anatazamwa na aliyeandika, na simwombei mtu yeyote hilo. Alisoma na kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Tingatinga anakuja na watu wake na makarao, wanayavunja maficho. Mama Stima anabaki nyuma ameshika waya ili wenzake wavuke. Wanamkamata, wanamvua gambuti kwa sababu bila hizo umeme utamuua, wanamtupia viatu vipya visivyo vyake, vimeng'olewa kamba. Kisha wanamuuliza wenzake wako wapi. Hapo kuna kurasa tatu ambazo Mama Stima hasemi neno hata moja. Wanauliza, wanapiga meza, wanauliza tena, na mdomo wake kwenye kila picha umefungwa. Mbithi alikaa kwenye kurasa hizo tatu kuliko zote. Ndanu alikuwa amemchora mama asiyetoa jina, na yeye Mbithi, bila kupigwa hata kofi, alikuwa amelitoa jina la huyo mama.

Fatna aliinamisha birika kikatoka kitone, akaliweka chini. Kahawa ilikuwa imeisha na hakuna aliyeuliza nyingine.

Mbithi akafunga kitabu, akakipangusa jalada na shati lake, akamrudishia mwenyewe. Akauchukua ule mfuko mzito begani mwa mgeni kabla hajakatazwa. Ndanu akamwachia.

— Tukifika kibanda cha kwanza, utaanza kwa kusema nini? akamuuliza.

Mbithi aligeuka kuliangalia benchi, na Jaji na Breki wakaangalia jiko. Basi akakiokota kile kitabu kilichoganda gam, akasema ataanza na hicho, akakitia kwapani na kutangulia kuvuka Ngong Road.