Viguu Ndani ya Kijibati

Asubuhi ile, kwenye benchi la nje ya kibanda cha fundi Hiribae, hapo Garsen karibu na kivuko, kahawa ilinyweka kwa hasira. Idd ilikuwa mlangoni, kanzu za watu zimerundikana bila pindo, na Binti, mkewe Hiribae, amekataa katakata kushona hata moja zaidi. Pindo zote za kibanda kile alizishona yeye, kwa mkono, nyumbani, na sasa macho yamemchoka. Ndipo akatokea fundi mmoja wa Kipini, msafiri tu aliyengoja kuvushwa mto. Akavuta mtoto wa meza ya cherehani ya Hiribae iliyokuwa kando ya benchi, akatoa kijibati kilichojaa viguu vya chuma vya kufungwa chini ya sindano, akafunga kimoja chenye pua iliyojikunja. Kitambaa kikaingia bapa, kikatoka kimekunjwa na pindo limeshonwa! Yule bwana akamaliza kahawa yake, akaenda zake. Hiribae akaruka kutoka benchini.

— Nimedhulumiwa! — alifoka. — Yule mwenye duka kule Malindi kaniuzia cherehani, kanyamaza kimya! Mtu mzima na ndevu zake!

— Alikusudia — alisema Wako, mchuuzi wa ng'ombe waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. — Mimi naambia wewe, fundi. Yeye nataka wewe chelewa, watu iende kwake nunua nguo tayari.

— Wapi! Wewe Redio waona karibu — alidakia Kenga, ambaye zamani alimpikia mzungu wa bomani, basi benchi zima likamwita Serikali. — Hili limetoka Ulaya kwenyewe. Wameketi wakasema: mafundi wa mto Tana wakijua viguu hivi, watamaliza kazi adhuhuri. Wakimaliza watakaa. Wakikaa watazungumza siasa!

— Lahaula! — alisema Wako.

— Ndiyo! Na hicho chenye meno, wadhani ni cha marinda? Hicho chapeleka habari. Ukikanyaga cherehani hapa, Nairobi wanasikia.

Wako akakisogeza kile kiguu mbali na kikombe chake.

Hiribae hakucheka. Akilini alimwona Binti vile anavyokaa kizingitini kule nyumbani kainamia nguo, akijichoma, akinyonya kidole, kisha anaendelea. Moyo ulimwuma kweli, na kila ulipomwuma alizidi kumchukia yule mwenye duka.

— Nani atayarudisha macho ya mke wangu? Nani? Nitamfuata huko huko Malindi, nimkunje shati!

— Mkunje! — alisema Kenga. — Na mimi nitakuwa shahidi.

— Shahidi gani, wewe ulikuwako? — aliuliza Hiribae.

— Serikali iko kila mahali, bwana!

Wakiwa katika kelele hizo akaja Sadia, mama wa Kiorma kutoka Minjila, kuulizia kanzu ya mwanawe. Nyuma yake alikuwa Binti mwenyewe na kapu kichwani, amekuja kuzirudisha zile kanzu. Sadia akatoa salamu, akaisikiliza kesi yote hali amesimama.

— Pole, fundi. Hii bati ilikuwa wapi siku zote?

— Humu humu, kwenye mtoto wa meza.

— Ilikuwa na kufuli?

— Kufuli ya nini? Haina.

— Sasa hakuna mtu alifungua?

Hiribae akakishughulikia kikombe chake. Binti akalitua kapu chini.

— Mimi nilifungua — alisema. — Cherehani ilipoletwa tu. Nikakuuliza, Baba Komora, hivi ni vya nini? Ukaninyang'anya mkononi. Ukaniambia cherehani si sufuria, nisikuharibie, nirudi nyumbani nikashone pindo.

Wako alitazama mtoni. Kenga akaliinua birika, akalitikisa. Tupu.

— Kwa nini ulimkataza? — Sadia aliuliza, kwa upole kabisa, maana alitaka kujua tu.

Hiribae alifungua kinywa amtaje mwenye duka. Watu wote walikuwa wanamngoja, na hasira aliyokuwa nayo haikuwa na pa kwenda tena.

— Sogea — Binti akamwambia, akivuta kiti cha cherehani.

Akasogea.