Homa ya Kompyuta ya Fidel

Benchi la Anjeline, pale Busia, lipo upande wa Uganda, lakini kidogo tu. Ukikaa wima uko Uganda. Ukiegemea kushoto kumpisha mtu, simu inalia na kukukaribisha Kenya kwa heshima zote. Ukijirudi, inakukaribisha Uganda upya, hata mtu mwenye kuwashwa mgongo anaweza kusafiri mara kumi kabla ya kumaliza kikombe kimoja. Hapo ndipo hukutana wanaume waliokosa wa kuwasikiliza nyumbani. Kahawa hutoka kwenye birika kuukuu ambalo Anjeline hulivalisha sweta ya mtoto, mikono imefungwa fundo mbele, utadhani birika lina malaria. Jumatano hiyo, saa saba mchana, Fidel alifika na uso wa mtu aliyefiwa. Na kweli alikuwa amefiwa, ila mwaka jana.

— Imezima tena, — alisema, akajitupa kwenye benchi.

Hakuna aliyeuliza nini. Fidel hupiga video za harusi na mazishi, kisha huzihariri nyumbani kwa kompyuta kubwa ya mezani. Mwaka jana alimzika baba mkwe wake akilia kwa jicho moja, jingine likiwa kwenye kamera. Jumamosi hii ilikuwa misa ya kumbukumbu, na mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Lunyo na nusu ya ukoo, kuitazama video hiyo sebuleni kwa Fidel. Mama mkwe huyo ndiye aliyesema siku ya mahari kwamba kupiga picha si kazi, ni kuchungulia. Miaka minane Fidel alikuwa akiingoja hiyo Jumamosi.

— Mzee amefika mlangoni mwa kaburi mara tatu, — alisema. — Mara tatu! Jeneza linashushwa, kwaya inavuta pumzi, halafu kompyuta, pwaa, giza. Ukiligusa lile kasha, unaweza kukaanga yai. Sasa Isaac niliyemtuma yuko Nairobi, amesimama dukani, basi lake linaondoka saa nane. Anauliza aniletee kipoza cha maji au cha feni. Nimjibu nini, jameni?

— Mzee hataki kuzikwa mara ya pili, — alisema Askofu. — Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Askofu ni Okurut, mwendesha boda wa Tororo. Jina alilipata kwa sababu hamalizi sentensi bila methali, na methali zake ni kama abiria wake: huzishusha mahali ambapo hazikuomba.

— Wacha mzee apumzike. Weka maji, — alisema Rejeta.

Huyu ni Othieno, fundi wa rejeta za malori yanayongoja kuvuka. Mwambie unaumwa kichwa, atakuuliza mara ya mwisho ulibadilisha maji lini.

— Fidel, ndugu yangu, sikia. Lori inatoka Mombasa na tani ishirini na nane. Inapanda milima yote. Nani anaiweka baridi? Maji! Maji inazunguka, inachukua joto kwa injini, inapeleka kwa rejeta, inarudi kuchukua ingine. Kompyuta na lori ni ndugu. Tofauti ni matairi.

— Na boda yangu? — akadakia Askofu. — Natoka nayo Tororo nimepakia mama, mtoto na godoro. Imewahi kuniomba maji hata siku moja? Upepo, bwana! Bure, kutoka kwa Mungu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingilia wapi?

— Upepo ndiyo mgeni.

— Askofu, boda yako inapoa kwa sababu inakimbia! Simama kwa foleni saa moja uone. Sasa hii kompyuta ya Fidel, yenyewe inakimbia kwenda wapi?

Askofu akanywa kahawa yake taratibu, kama mtu anayesubiri shahidi. Fidel akatoa simu. Maji, basi. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye herufi ya kwanza.

— Basi ikimbie, — alisema Askofu.

— Nini?

— Kompyuta. Fidel anakaa nyuma, anaipakata. Mimi naendesha. Tunapita Malaba, jeneza linashuka. Tukifika Tororo, mzee amezikwa na watu wanakula.

— Na stima? — aliuliza Anjeline.

— Tutavuta waya. Haba na haba hujaza kibaba.

— Waya wa kutoka hapa mpaka Tororo! — Rejeta alipiga paja. — Fidel, achana na huyu. Ile ya dukani ni ndogo, ya kuchezea. Mimi niko na rejeta ya lori nyumbani, nzima. Tunaifunga nyuma ya nyumba, tunapitisha mpira kwa dirisha. Kompyuta yako itavaa koti kwa baridi. Inavuja kidogo tu.

— Kidogo kama nini?

— Kidogo kama beseni.

— Buda, hiyo beseni itakaa juu ya ubongo wa kompyuta! — alisema Fidel. — Tena nimeona picha, hata hiyo ya maji ina feni zake za kupoza hayo maji.

Askofu aliruka mpaka simu yake ikamkaribisha Kenya.

— Mmesikia? Maji yenyewe yanaomba upepo! Halafu mjue, maji huvuja kimyakimya, utakuta mambo yameharibika ndani kwa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Sasa kompyuta iko na nguo? — aliuliza Rejeta.

Wote wakacheka. Fidel naye akacheka, Mungu amsamehe.

— Aki nyinyi wanaume, — alisema Anjeline akimimina. — Nyanya yangu alikuwa na mtungi. Hauna pampu, hauna feni, na maji yake yanagandisha meno. Ingiza kompyuta mtungini.

— Ndani ya maji?

— Mtungi mtupu! Kwani mimi ni mjinga?

Simu ya Fidel ikalia. Isaac: "Saa nane kasoro robo. Mwenye duka ameanza kuniangalia vibaya. Maji ama feni?"

Fidel aliona Jumamosi kama anavyoona picha kwenye kioo cha kamera: mama mkwe kwenye kiti cha mbele, kwaya inavuta pumzi, giza, na sauti ile ile ya mahari ikisema, "Si niliwaambia." Jasho likamtoka, akaanza kuhitaji kipoza yeye mwenyewe.

Wakati huo mama mmoja wa makamo alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kapu miguuni, na kwenye tundu la kapu kuku ametoa kichwa kama mtu aliye dirishani. Alikuwa amesalimia, akasema anaitwa Florence, anatoka Petta, akaomba kahawa. Vikombe viwili vyote alivinywa akiwasikiliza.

— Samahani, mama, — Florence alimwambia Anjeline. — Hii birika umeivalisha sweta ya nini?

— Kahawa isipoe.

— Aaa. — Akamgeukia Fidel. — Na hii kompyuta yako, baba, yenyewe inavaa nini?

Fidel akakiweka kikombe chini.

Inavaa. Kompyuta ya Fidel inavaa kuliko Fidel. Mama mkwe aliifumia kitambaa cha uzi wa sufu, mweupe, mikunjo miwili, miezi minne mikono haipumziki, kwa ajili ya vumbi. Kinashuka pande zote mpaka chini, kina kamba ya kukaza, na maneno KARIBU WAGENI yamekaa sawasawa juu ya matundu ya feni. Marion, mkewe, hukikaza kila asubuhi. Sebuleni runinga imevaa, redio imevaa, hata jagi la maji limevaa. Nani angeuliza?

— Sweta, — alisema Fidel kwa sauti ndogo. — Ya mama mkwe.

— Hata ikiwa kazini?

— Alisema kitambaa si nguo ya Jumapili.

— Mimi hata kuku nimemtolea kichwa, — alisema Florence.

— Ivue! — alipiga kelele Rejeta.

— Siwezi! Kitu cha kwanza mama mkwe huangalia akiingia ni kitambaa chake. Aikute uchi mbele ya ukoo mzima? Nitaitiwa kikao.

Benchi lote likaguna. Jambo lilikuwa limepita mambo ya maji na upepo.

— Basi turudi kwa maji, — alisema Rejeta.

— Au tutoboe tundu dogo, — alisema Askofu. — Pale kwa WAGENI.

— Baba, — aliuliza Florence, — kwani huyu mama mkwe analala kwako?

Toka Lunyo mpaka Petta, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake; hukaa kwenye ukingo wa kiti, hula kidogo, na jua halimkuti hapo likizama. Hilo hata kuku wa Florence alilijua. Fidel akahesabu: leo Jumatano. Mpaka Jumamosi kompyuta ingeweza kukaa uchi, ifanye kazi, video itiwe kwenye flashi na ichezwe kwenye runinga. Mama akiingia, ataikuta kompyuta imezimwa konani, imevaa, imetulia kama bibi harusi.

Akamwandikia Isaac: "Usinunue kitu."

"Kwani shida ilikuwa ya maji ama ya feni?"

"Ya mama mkwe."

Akaacha kikombe nusu, akakimbia.

— Kikulacho ki nguoni mwako! — Askofu alisimama juu ya benchi. — Nilisema! Si nilisema?

Ilikuwa methali yake ya kwanza kumfikisha mtu alikokuwa akienda.

Saa tisa na nusu ujumbe ukaingia kwenye simu ya Rejeta, naye akausoma kwa sauti: "Mzee amezikwa. Haikuzima hata kidogo." Benchi zima lilishangilia, mpaka mpita njia mmoja akawatazama kwa huzuni.

— Mama, umetusaidia sana, — Anjeline alimwambia Florence, aliyekuwa anafunga kapu lake. — Na hapa Busia umefuata nini?

— Uzi, mama. Navuka kule ng'ambo, iko mzuri. Mkwe wangu amenunua friji. Namshonea kitambaa, ile kubwa, ya kufunika mpaka nyuma. Vumbi imezidi.

Rejeta alimtazama Askofu. Askofu alimtazama kuku. Mtu mmoja tu alipaswa kusema neno, na kila mmoja alikuwa na mama mkwe wake.

— Niongezee kahawa, Anjeline, — alisema Askofu.

Anjeline akalivua birika sweta, akalipindua. Lilikuwa tupu.