Vidonge Viwili na Kijiko cha Mawese

Amahoro, ndugu zangu. Amahoro, mama zetu. Hapa Minago wengi mnanijua, na asiyenijua amekwisha kula mawese yangu. Shule niliacha mwaka wa pili. Nilianza kwa kuokota chikichi zilizoanguka chini ya miti ya watu. Leo mashine ya kukamua ni yangu, pipa la kuchemshia ni langu, na hakuna mtu aliyenipa hata kisu. Sisemi kwa kujisifu. Haya, kidogo ni kwa kujisifu. Cheka tu, mama, ni kweli.

Lakini akili hii iliyonipa mashine ndiyo nusura iniulie bibi, mke wangu.

Mnakumbuka wakati ule risasi zilikuwa zinashuka kutoka milimani bila kubisha hodi. Kila nyumba ilikuwa na furushi limefungwa karibu na mlango. Ukisikia milio, unakimbia. Anayeweza kutembea anatembea. Asiyeweza... mnajua wenyewe. Na bibi yangu alikuwa na mimba ya miezi miwili, anatapika tangu asubuhi mpaka jioni, kutoka kitandani mpaka mlangoni anashika ukuta.

Dispanseri yetu, mbele ya kufungwa kwa sababu ya vita, walikuwa wamemupa vidonge vya vitamini vya wajawazito, vile vyenye chuma ndani. Walimwambia kimoja kwa siku. Mimi nikasema: mtu mmoja akikamua bido moja, dumu zima la mawese, wawili watakamua mbili. Nikamupa viwili. Asubuhi, tumbo tupu, nimesimama hapo nione akimeza, halafu niende kazini.

Akazidi kutapika. Nikasema basi, hii ni sumu. Ndugu zangu, nawaambia, sisi watu wa huku mtu akitapika siku tatu tunaanza kuuliza nani alimuletea chakula. Jirani yetu mmoja, mama mjane, alikuwa ameleta maharage. Nikaacha kumsalimia. Na dawa ya sumu huku kila mtu anaijua: mawese. Mawese mimi ninayo! Ikawa kila asubuhi vidonge viwili, na kijiko cha mawese ya moto juu yake.

"Baba," bibi akaniambia, "hiyo harufu ndiyo inanimaliza."

"Kunywa. Mawese yangu haijaua mtu."

"Sawa. Nikikufa utanitia kwenye bido, uuze na mimi."

Asubuhi moja milio ikasikika. Tukatoka mbio. Bibi alipiga hatua kumi, labda kumi na mbili, akaanguka. Nikambeba mgongoni mpaka ziwani. Ndugu zangu, mimi ninabeba bido mbili kila siku bila kupumzika, lakini yeye alikuwa mwepesi kuliko bido moja. Hapo ndipo niliogopa. Siku ile risasi hazikutufikia. Nikasema hazitatukuta hivi tena.

Kesho yake nikamuweka kwenye kinga, baiskeli yangu, nikasukuma mpaka Rumonge mjini, barabara ambayo watu walikuwa wanaiogopa. Kila anapotapika tunasimama, kila akimaliza tunaendelea. Hospitalini tukamkuta muganga mmoja wa kike, mfupi, sauti kama ngoma. Wakamuwekea serumu, maji ya mshipani. Mimi nikaanza kueleza kwa fahari: vidonge viwili, mawese safi, kila asubuhi.

"Jana amekula nini?" akaniuliza.

Nikarudia hesabu ya vidonge vyangu.

"Saa ngapi alikula?"

"Muganga, mimi niko na kazi."

Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Huyu anajua chikichi kuliko bibi yake!" Wakacheka wote. Nilitaka kujibu. Nikamtazama bibi amelala pale, midomo imekauka, nikaketi karibu naye.

Muganga akasema, "Hapa hakuna sumu, iko mimba. Chuma kwenye tumbo tupu kinachafua tumbo, na viwili ni kupita kipimo. Kimoja tu, jioni, akishakula, karibu na kulala. Asubuhi, mbele ya kuinuka kitandani, ale kitu kikavu, halafu kidogo kidogo mchana wote. Mawese si dawa yake, na harufu yake ikae mbali." Akampa na vidonge vidogo vya vitamini B6 vya siku chache, vya kutuliza kichefuchefu. "Usiongeze hata nusu. Akishindwa kushika hata maji, ao mkojo ukiwa mweusi, usingoje, mulete."

Sasa harufu ningeipeleka wapi? Pipa liko uani kwangu. Nyumba ambayo upepo wa ziwa unaifikia kwanza, moshi wangu hauendi huko, ilikuwa ya nani? Ya yule mama mjane. Nikasimama mlangoni pake, kofia mkononi.

"Umekuja kuomba maharage mengine?" akasema.

Nikamuomba msamaha. Akasema, "Mulete mutoto wangu alale hapa." Basi. Bibi akahamia kwake, na kila alfajiri yule mama alikuwa anamuwekea kipande cha muhogo wa kuchoma karibu na mto.

Haikuisha siku moja. Wiki ya kwanza alitapika bado, lakini chakula kikaanza kubaki. Kisha akaanza kufagia. Kisha akaanza kunigombeza, nikajua anapona.

Mwezi mwingine milio ikarudi, mchana, karibu kabisa. Nikaacha chikichi zinaungua motoni, nikakimbia kwenda kumbeba. Nikamkuta amekwisha kuingia njiani na yule jirani, furushi kichwani, anatembea kwa miguu yake. Akageuka akanipigia kelele: "Baba, haraka! Unatuchelewesha!"

Namshukuru Mungu. Nashukuru muganga aliyeniaibisha mbele ya watu, na jirani aliyenifungulia mlango. Wanaume wenzangu, bibi akitapika, mpeleke kwa muganga mbele ya kumtafutia adui. Vitamini ni nzuri, lakini iko na saa yake, iko na chakula chake, iko na kipimo, na kipimo si cha kwako wewe.

Murakoze, asanteni. Naketi, maana mutoto wa mimba ile anaanza kulia pale nyuma na mama yake ananinyooshea mikono nikamshike.