Bi Changarawe na Njia Isiyopitisha Gari

Ndugu, jamaa na marafiki, pamoja na ninyi mliokalia baiskeli zenu kwa sababu viti vimekwisha: haya ni maisha ya shangazi yangu, ambaye karibu wote hapa mlimwita Bi Changarawe. Jina lake la kwenye cheti alilitumia hospitali na benki tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kando ya stesheni ya chini, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yake alikuwa fundi wa reli na mama yake mshonaji. Siku hiyo baba yake alikuwa darajani akikaza boliti, jirani akamkimbilia kumpa habari kwamba amepata binti.

"Na je, amelia?" mzee akauliza.

"Amelia mpaka tumeziba masikio."

"Basi huyo yuko salama. Ngoja nimalizie boliti hii, yenyewe ikilegea hailii."

Marehemu aliisimulia habari hii kwa fahari. Wengine tungeshtaki.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 kwenye shule iliyoko stesheni ya juu. Asubuhi watoto walipanda na treni, mchana waliteremka kwa miguu wakirukaruka juu ya mataruma, yale magogo yanayobeba vyuma vya reli. Huko ndiko alikookota msemo aliotuchosha nao maisha yote: treni haipandi mlima kama mbuzi, hupanda kama mtu mwenye heshima zake, polepole na kwa kuzunguka. Baada ya sekondari alijiunga na chuo cha ufundi, fani ya mitambo mizito, akiwa mwanamke pekee darasani. Mkufunzi alimkaribisha kwa maneno haya: "Binti, hii si cherehani." Naye akajibu, "Cherehani anayo mama, mwalimu. Yeye anaunga, mimi nimekuja kusawazisha." Alihitimu Novemba 1972, wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mkufunzi, na hilo tuliache hapo.

Mwaka 1973 aliajiriwa na idara ya barabara kama dereva wa greda. Kwa miaka thelathini na mitatu alisawazisha barabara za magari bila kuwahi kumiliki gari. Akiulizwa, alisema mpishi halazimiki kula kila anachopika.

Ndoa yake ilitokana na ajali. Siku moja ya mwaka 1977 alikuwa amemaliza kumwaga kokoto mpya karibu na stesheni, mpeleka barua akatokea na baiskeli yake, akayumba, akaenda chini na mfuko wa barua ukamfuata. Marehemu akateremka kutoka kwenye greda.

"Dada," akasema yule bwana akiwa bado amelala, "hii barabara umeichonga au umeilima?"

"Aliyelima ni wewe, kaka. Hebu jishike pua."

Alipomaliza kumfuta damu, alimwuliza kosa liko wapi. Bwana yule akamweleza kwamba lori huziponda kokoto kubwa, lakini kwa baiskeli kokoto ndizo zinazomponda mtu. Baiskeli inataka changarawe ndogo, iliyochanganywa na udongo mfinyanzi kidogo, ikashindiliwa ikiwa na unyevu. Marehemu alikuwa hajawahi kusikia mwanamume akiongea vizuri hivyo huku akivuja damu. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978, na Mungu akawajalia mabinti wawili. Mume huyo ndiye huyu hapa mbele, shemeji wa wengi, Bwana Stempu.

Reli ilipofungwa na vyuma kung'olewa, watu waliona mwisho wa stesheni. Marehemu aliona njia iliyokwisha kupimwa: mteremko wa kistaarabu, daraja zima, handaki kavu, na hakuna gari hata moja kutoka stesheni ya chini mpaka kwenye ziwa kule juu. Alipostaafu mwaka 2006 aliiomba halmashauri greda iliyochakaa, akakusanya majirani wenye majembe, wakaanza. Baadaye waliunganisha njia za msituni na ile ya bwawani, hata leo mtu anaweza kuuzunguka mlima mzima kwa baiskeli bila kusikia honi.

Namna yake ya kukagua kazi mnaijua. Kila kipande kikikamilika, Bwana Stempu alikipita na kikombe cha maziwa kisicho na kifuniko, kimefungwa kwenye kapu la mbele. Maziwa yakimwagika, watu wanarudi na majembe. Kona ya tatu ilirudiwa mara nyingi mpaka paka wa mlinzi wa handaki akaijua ratiba. Wakimwona paka amekaa kwenye kona anajilamba midomo, vijana walikuwa wanaanza kulia kabla baiskeli haijafika.

Njia ilifunguliwa rasmi tarehe 4 Juni 2011, na hapo ndipo kosa lilipoonekana. Waliitengeneza vizuri kupita kiasi. Ikawa laini kuliko barabara kuu, na madereva si wajinga. Kufika wiki ya pili kulikuwa na foleni darajani. Marehemu alisimama pale, mikono kiunoni, akasema, "Nimewatandikia wageni, wakalala wezi."

Akaleta mawe. Mawili kila mlango, makubwa, na nafasi katikati yake ilipimwa kwa kiti cha magurudumu cha mwalimu mstaafu, pamoja na mama mmoja mwenye nyonga za kutosha. Mama huyo yupo hapa leo na ametukataza kumtaja. Alipita, tena akiwa na vikapu viwili. Gari halikupita.

Sasa nimfikie mdogo wake marehemu, mwenye malori ya mbao, ambaye ninyi mnamwita Bwana Magogo na mimi namwita baba. Mwaka 2021 alipeleka ombi halmashauri mawe yaondolewe, kwa sababu malori yake yangefika msituni kwa nusu ya safari. Nyumba yetu iligawanyika. Sahani zilipitishwa mezani bila salamu. Marehemu hakuwa na hofu nyingi duniani, lakini hiyo ilimnyima usingizi, maana wajumbe wengi walimwunga mkono baba, na wakati huohuo daktari alikuwa amemwambia kwamba moyo wake umechoka.

"Achana na milima, mama," daktari alimshauri.

"Mimi sikuufuata mlima, daktari. Mlima ndio umejengwa mlangoni kwangu."

Akanunua baiskeli ya betri. Wiki moja kabla ya halmashauri kulipigia kura ombi hilo, alimfuata mdogo wake karakana. "Panda na mimi mpaka ziwani mara moja tu. Ukifika juu ukiwa bado unataka lori lipite, mawe nitayaondoa kwa mkono wangu."

"Dada, mimi na kilo zangu hizi?"

"Kilo utaziacha njiani. Twende."

Walioshuhudia wanasema mzee alipandisha akimlaani Bwana Stempu, aliyemwazima baiskeli, na kila aliyehusika na uvumbuzi wa pedali. Dada yake alikwenda mbele na betri yake, akimpigia kengele kumhimiza. Mdomoni mwa handaki wakakutana na watoto wa shule wakiteremka, kundi zima, miguu imenyanyuliwa kutoka kwenye pedali, wanapiga makelele ili handaki liwajibu. Wa mwisho alikuwa binti mdogo sana, kofia imemfunika jicho moja. Hakukuwa na mkubwa pamoja nao.

Baba akageuka kuwatazama mpaka wakapotea. "Nani anawalinda hawa?"

"Lori lako," marehemu akasema. "Kwa kutokuwepo."

Wakapanda mpaka ziwani. Siku ya kura, Bwana Magogo alisimama akaliondoa ombi lake. Alitoa sababu kwamba dizeli imepanda bei. Marehemu, aliyekaa kiti cha nyuma, alipiga makofi kuliko wote, akasema kwa sauti ya kusikika, "Asante, dizeli!"

Moyo uliendelea kudhoofika. Alilazwa mara mbili mwaka 2023, akawapima wauguzi kwa jinsi wanavyosukuma kitanda kwenye korido. Miezi ya mwisho aliimaliza nyumbani, dirisha likitazama njia, akiwakosoa wapitaji kwa majina. Alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 18 Septemba 2024, mumewe akiwa amemshika mkono.

Makaburi haya, kama mlivyoona kwa miguu yenu, yako juu, na njia ya kufika ni ile aliyoitengeneza. Juzi katibu wa halmashauri alikuja nyumbani kwa moyo mwema kabisa, akasema mawe yataondolewa kwa saa chache ili gari la maiti lipite. Wengi tulikuwa tayari kushukuru. Aliyejibu ni baba.

"Halitoki hata moja. Tukilitoa kwa ajili ya dada, kesho kila mtu atakuja na sababu nzuri kama yetu."

Ndiyo maana marehemu amekuja kwa mkokoteni, ukivutwa na baiskeli nne, ya mbele ikiwa ya mdogo wake. Gari la maiti limebaki chini, na dereva wake ni yule pale, ameazima baiskeli akaja na sisi. Ameniambia anataka kujua njia ya kurudi inayopita bwawani.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, mdogo wake wa kiume, wifi yake, sisi watoto wao, na majirani wenye majembe, ambao tumekubaliana nao kwamba kazi ya kona ya tatu inaanza Jumatatu, mvua imeichimba.

Shangazi, pumzika kwa amani, pasipo na honi.