Joto la Bariadi Linatosha

Benchi letu lipo Somanda, hapa Bariadi, pale mteremko unapoishia, kati ya cherehani yangu na mtaro wa maji ya mvua. Ni ubao mmoja wa mninga juu ya matofali, lakini limekalisha wataalamu wengi kuliko chuo. Tangu Jumatatu kahawa anapika Ajenda, na kahawa ya Ajenda unainywa kama unatumikia kifungo. Mpishi wetu, mzee Salvatory, yuko hospitalini Mwanza na hajafumbua macho. Aliyemgonga ni Mayige, dalali wa pamba, mwana benchi mwenzetu, na Mayige yuko mahabusu. Gari ni lile jekundu la milango miwili, tunaliita Swala, na lilikuwa limetoka kuwekewa breki mpya ambazo mkoa huu haujawahi kuziona. Leo Alhamisi, asubuhi ya Julai, kila mtu amejikunyata na koti lake, na tumekaa kutafuta sababu. Mimi nawajua hawa watu tangu nikiwa na nywele. Nilikata tamaa kabla hawajafungua mdomo.

Aliyefungua kikao ni Maganga, ambaye tunamwita Injinia. Uinjinia wake ni wa kuchomelea majembe ya kukokotwa na ng'ombe.

INJINIA: Mimi nilisema tangu mwanzo. Zile diski zina matundu. Breki yenye matundu inavuja.

YUTUBU: Inavuja nini sasa?

INJINIA: Si breki! Ukikanyaga, breki inatoka kwenye pedeli inakwenda kwenye diski. Ikifika inakuta tundu, inapita zake. Angeniletea mimi ningeyaziba yote kwa weldi.

YUTUBU: Aisee, Injinia, yale matundu ni ya kutoa moto. Nimeona video.

Huyo ni Josia, tunamwita Yutubu. Hajawahi kumiliki hata baiskeli yenye breki mbili, lakini ameshaangalia video nyingi, na bando likimwishia anaendelea kusimulia kwa kubuni.

INJINIA: Kama ni ya kutoa moto, moto umetoka, na breki imetoka nao. Maji yakimwagika hayazoleki.

AJENDA: Ndugu wajumbe, twende kwa utaratibu. Hoja iliyo mezani ni moja. Breki zilizosimamisha gari Jumamosi kwenye mwendo wa kupasua upepo, zimeshindwaje kulisimamisha Jumatatu kwenye mwendo wa baiskeli?

Ajenda jina lake ni Abdulrazak, alihamishiwa huku kutoka Tanga, anakaa kwenye ofisi moja ya serikali, na kila kitu kwake ni ajenda, hata kuomba sukari. Lakini hapo alikuwa ameuliza sawasawa. Hata mimi usiku silali kwa ajili ya hilo swali.

Maana Jumamosi tulikuwepo. Mara moja kwa mwezi wenye magari ya spoti hukusanyika kwenye kambi ya zamani ya wajenzi wa barabara, njia ya kwenda Nassa, ambako wakandarasi waliacha lami yao ya kuzungukia. Hakuna kombe. Kila mtu anakimbiza gari lake mpaka roho itulie, kisha anarudi nyumbani kula ugali. Mwezi wa tano breki za Swala zilichemka huko uwanjani, pedeli ikazama mpaka chini, na Mayige akaenda kusimamia katikati ya pamba ya watu. Ndipo akaapa kwamba atazibadilisha. Akaweka mafuta ya breki yanayovumilia moto, diski kubwa, na pedi za mbio zilizokuja na basi kutoka Dar. Jumamosi gari lilikuwa likifika kwenye kona linasimama kama limeshikwa mkia. Tulimbeba Mayige mabegani, mzee Salvatory akamwaga kahawa ya bure.

Jumatatu asubuhi Mayige akatoka kwake kule juu, akashuka mteremko huu polepole. Akamwona mzee anavuka na birika. Akakanyaga mapema. Gari likaendelea kuja. Lilimgusa mzee, kumgusa tu, akaanguka, kichwa kikapata ukingo wa mtaro. Mimi nilikuwa nafungua kifuniko cha cherehani. Nilimsikia Mayige anapiga kelele ndani ya gari kabla halijafika.

YUTUBU: Tatizo ni kompyuta. Magari ya spoti yana ubongo. Pale uwanjani ubongo unaona kona, unaelewa. Huku mtaani unaona mbuzi, mtaro, mama wa mihogo, unachanganyikiwa. Ukichanganyikiwa unaachia breki.

INJINIA: Gari lenyewe la zamani kuliko wewe, kompyuta ipo wapi?

YUTUBU: Imefichwa. Wajapani hawaonyeshi kila kitu. Mficha uchi hazai.

AJENDA: Sasa hiyo methali inahusu uzazi, Josia.

YUTUBU: Na hao Wajapani wanazaa?

Mzee Ng'washi akakohoa. Tunamwita Mia kwa sababu ya ng'ombe mia anaodai wako Ipililo, ingawa hakuna aliyewaona. Mzee akikohoa, benchi linanyamaza.

MIA: Nyie vijana mnazunguka. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Gari likienda kasi linacheza tu. Likienda polepole, ujue linawinda.

INJINIA: Lilikuwa linamwinda mzee Salvatory?

MIA: Lilitumwa. Jumamosi yule wa Nassa mwenye gari jeupe mlimcheka, si ndiyo? Alisimama pembeni anatazama magurudumu ya Mayige. Sisi tuliocheza ngoma za mashindano tunajua. Mkishinda leo, mwenzenu hawafungi kwa dawa leo. Anawaacha mfurahi, mlale, kesho kutwa miguu haitii. Miguu ya gari ni breki.

YUTUBU: Duh. Hapo kuna kitu.

INJINIA: Kipo. Na matundu ndiyo yaliyopitisha dawa.

Nikaona sasa tunakwenda kulekule. Nikasema kidogo, maana mimi kwenye hili benchi naitwa Sindano, nachoma kisha natoka.

MIMI: Mkaguzi wa trafiki amelijaribu gari. Amelizungusha mji mzima, akalipiga breki za ghafla mara nyingi, zikashika kama koleo. Ameandika breki nzima. Dawa ya mtu wa Nassa inamwogopa askari?

MIA: Inamwogopa. Ana sare.

AJENDA: Huo ukaguzi ndio unaommaliza ndugu yetu. Breki nzima, mwendo mdogo, mchana kweupe, mzee kagongwa. Askari anajiuliza, huyu hakukanyaga kwa nini? Tena kuna mtu kamwambia kwamba wiki iliyopita walibishana mpira hapa, Mayige akasema, "Mzee, nitakuja nikugonge."

INJINIA: Si utani ule!

AJENDA: Utani tunaujua sisi. Kwenye faili ni maneno tu.

Ajenda akamimina kahawa kutoka kwenye lile birika la mzee, lililopinda mdomo Jumatatu. Siku hizi linamwaga upande, na kila mmoja analikingia kikombe kwa kuliinamia. Mimi lile birika linanitia uchungu kuliko damu niliyoiosha pale mtaroni.

Mia akaendelea, safari hii taratibu, kama mtu anayeongea na mifugo yake.

MIA: Lakini pia nawaza jambo. Dume la jembe, asubuhi na baridi, halisikii. Unalivuta kamba, unaliita jina, linakwenda tu, mpaka lilime mistari miwili mitatu, lipate joto. Hapo hata ukinong'ona linasimama.

Injinia akatazama kikombe. Yutubu akatoa simu, akairudisha mfukoni.

Maana hapo mzee Mia alikuwa ameligusa, na wote tulijua. Siku pedi zilipofika, Mayige alimpigia muuzaji wa Dar akiwa amekaa hapahapa, simu imewekwa sauti kubwa tusikie. Yule bwana alisema vizuri kabisa, kwa Kiswahili cha kila mtu: "Kaka, hizo ni za uwanjani. Zinataka joto. Zikiwa za baridi hazishiki. Ukitoka uwanjani, zitoe, rudisha za kawaida ndiyo uingie mtaani." Benchi zima tulicheka. Joto? Huyu anaijua Bariadi? Hapa mbuzi anatafuta kivuli saa tatu. Mmoja akasema jua letu linatosha kukaanga yai juu ya boneti. Mwingine akasema watu wa Dar wanakaa kwenye viyoyozi, ndiyo maana wanaogopa baridi. Hata mzee Salvatory aliinua birika akasema, "Hili nalichemsha kwa mkaa wa mazoea tu, jua limeshafanya nusu ya kazi." Mayige aliuliza mara mbili kama azitoe baada ya Jumamosi. Tukamwambia asijisumbue. Joto la Bariadi linatosha.

Nilitaka kuyasema hayo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ajenda akaniwahi.

AJENDA: Mimi naona tuangalie upande wa ile kambi. Kwetu pwani, mahali palipohamwa hapakai bure. Lami ile imekaa peke yake miaka. Sasa ukienda kuzunguka pale, kuzunguka, kuzunguka, unakuwa unaita.

YUTUBU: Unaita nini?

AJENDA: Wenyewe. Anapanda mmoja, anakaa pale kwenye breki. Uwanjani ni kwake, anakusaidia. Ukimleta mtaani hapajui, anashuka. Akishuka, breki hakuna.

INJINIA: Kwa hiyo wakati mkaguzi analijaribu alikuwa amerudi?

AJENDA: Alimfuata mwenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

MIA: Hapo umesema, baba.

YUTUBU: Tena nasikia ile lami waliichanganya na kitu. Ukipita juu yake kwa kasi, raba inanyonya. Baadaye gari linaitamani. Likiwa mbali linakuwa kama mlevi ambaye hajapata.

INJINIA: Sasa hapo nakubali. Gari lilikuwa na arosto.

Wakakubaliana. Nakuapia, walikubaliana kwa kutikisa vichwa kwamba gari lilikuwa na arosto ya lami, limeshukiwa na jini, na limefungwa na mtu wa Nassa kupitia matundu. Na mzee amelala Mwanza na mipira puani. Nilijisikia kulia, na nilijisikia kuwapiga, na sikufanya hata kimoja.

Ndipo Domitila akatokea kona ya juu, anashuka mteremko ule ule. Ni mke wa Mayige. Hajawahi kufika benchini kwetu, hapa si mahali pa wake za watu. Amejifunga khanga mbili na koti la mumewe juu yake, mkononi hotipoti inayotoka mahabusu, bado nzito. Mayige hajala.

DOMITILA: Mwangaluka.

SOTE: Mwangaluka, mayo. Mhola? Kwema?

DOMITILA: Nduhu mhola, shemeji zangu, hali si nzuri.

INJINIA: Karibu kahawa, shemeji.

Akainua birika, akaliinamisha upande uliopinda. Yakatoka machicha.

DOMITILA: Sitaki kahawa. Nimetumwa swali. Askari ananiuliza neno moja tu, breki zilikuwa nzima au mbovu? Nikijibu nzima, anasema basi Mayige kamgonga mzee kwa kutaka. Nikijibu mbovu, anasema aliingiza gari bovu barabarani huku anajua. Nikamuuliza Mayige mwenyewe. Ananiambia, "Nenda benchini. Wao wanajua. Walikuwepo wakati wa simu. Akija hata mmoja akaeleza, wataelewa." Sasa mimi breki sizijui. Nikamjibu nini?

Injinia akaliweka birika chini, akalifunika.

DOMITILA: Zilikuwa nzima, au zilikuwa mbovu?

Yutubu akasema bando limeisha, anakwenda kununua vocha. Injinia akakumbuka kuna jembe ameliacha kwenye moto. Ajenda alisimama, akakung'uta suruali, akasema jambo hili ni zito, linahitaji kikao, na kwamba mtumishi wa umma haruhusiwi kutoa maelezo bila kibali. Mzee Mia alibaki kidogo. Alimtazama Domitila, akamwambia, "Pole, mayo," akaushika ukongojo wake akaondoka upande wa mnadani, ambako leo hakuna mnada.

Nikabaki mimi. Nikainama kwenye cherehani nikaanza kukanyaga, suruali ya mtu, mshono mrefu. Nilikuwa nimefika mwisho wa mguu nilipoona sikuwa nimetunga uzi.

DOMITILA: Shemeji Sindano, na wewe ulikuwepo?

Nilimsikia. Niliendelea kukanyaga.

DOMITILA: Basi nitangoja warudi.

Akaweka hotipoti chini, akakaa kwenye ubao, mahali pa mzee Salvatory, bila kujua kwamba ni pa mzee. Koti la Mayige akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Ilipofika saa tano jua likawaka lile lile tunalolisifia, mtaa mzima ukahamia kivulini, na yeye akavua koti, akalikunja mapajani, akaendelea kukaa.