Aliyevua Helmeti

Kijiwe kiko Katoro, mbele ya duka la vifaa la Fahim, upande ambao jua la alasiri halifiki. Kuna benchi moja, makreti mawili ya soda yaliyogeuzwa viti, na birika la Hatibu, mzee wa Tabora anayeuza kahawa chungu na kashata, asiyependa kuona mtu akinywa kimyakimya. Fahim hukaa ukingoni mwa benchi, jicho moja dukani. Babu yake aliuza vitambaa Shinyanga mjini, baba yake akauza baiskeli, yeye akaifuata dhahabu huku akiwa na kamba, makoleo na pampu. Lakini ukitaka aongee, usimuulize habari za pampu. Muulize habari za Mdudu.

Mdudu ndilo jina waliloipa kijiweni filamu ya kutisha ya angani ambayo Fahim aliiona akiwa na miaka kumi na miwili, kwenye banda la video, na mwezi mzima baadaye hakwenda chooni peke yake. Chombo kinapotea angani, kitu kinaingia, ndiye Mdudu mwenyewe, watu wanapungua mmoja mmoja, na mpaka mwisho hakuna anayekiona vizuri wala kujua kimetoka wapi. Utamu wote ulikuwa hapo. Sasa zimetoka filamu mbili mpya za kueleza yaliyotangulia: Mdudu alizaliwa wapi, nani alimtengeneza, kwa sababu gani. Fahim alizitazama zote mbili kwenye simu siku moja, na tangu hapo wiki nzima hakuwa na hadithi nyingine. Alisema wamemwelezea Mdudu mpaka amebaki kama kuku wa kufugwa.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa kipande kimoja. Wataalamu wa miamba, watu wenye digrii zao, wamesafiri miaka minne, wanaingia pangoni kwenye sayari wasiyoijua, na mkubwa wao anavua helmeti na kuvuta hewa. Dakika kumi hazipiti, wameanza kufa. Fahim alikuwa akikiigiza kipande hicho kwa helmeti ya Deusdedit, mwendesha bodaboda waliyemwita Tairi tangu siku tairi lake la mbele lilipotangulia kufika stendi, yeye akafuata baadaye.

Tairi alikuwa na maelezo yake. Kampuni iliyowatuma ilitaka wafe ili eneo libaki lake, kwa hiyo helmeti zilipakwa dawa ya kuwasha, mtu avue mwenyewe bila kulazimishwa. Hatibu akasema hapana, yule mkubwa alikuwa Mdudu tayari. Alikuwa anarudi nyumbani, na nani anaingia kwake na helmeti kichwani? Tairi akalipima hilo, akaona linafaa kuongezwa.

– Basi ikitoka ya tatu, Tairi alisema, tutaambiwa wote mle ni wadudu, na Mdudu ndiye mtu pekee.

Wakati huo alikuwa amefika Mariana, mwalimu mgeni kutoka Chato, siku yake ya tatu mjini, kununua kufuli la chumba. Alimwamkia Hatibu shikamoo, na kwa kuwa Fahim alikuwa bado katikati ya hoja, Hatibu akamkaribisha benchini na kikombe.

– Hakuna siri yoyote, Fahim alisema. Aliyeandika alikuwa mvivu. Mtu mwenye akili havui helmeti pangoni.

– Anavua, akasema Ngassa.

Ngassa ni mchimbaji, Msukuma wa Didia. Huja kila wiki kuchukua kamba, hunywa vikombe viwili, huondoka. Kwa mwaka mzima hakuwahi kuingilia ubishi wowote, kwa hiyo wote walimgeukia.

Alieleza taratibu, kama anayeelekeza njia. Miaka minne iliyopita walikuwa na duara porini, shimo la dhahabu refu kama nyumba saba zikibebana. Likajaa maji, wakayavuta siku kumi na moja. Usiku wa mwisho walishusha mashine ya petroli mpaka chini, ikaacha moshi wake. Kila mmoja alijua la kufanya: unaitoa mashine, unapuliza hewa kwa mpira, hushuki mpaka kesho yake. Aliyewafundisha hayo ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote. Aliwahi kufukuza vijana wawili kwa kukataa kusubiri. Asubuhi hiyo akasimama mdomoni mwa duara, akanusa, akasema hewa ni safi, akashika kamba, akashuka. Walimwita, akaitika. Walimwita tena, kimya. Wawili wakataka kumfuata. Ngassa akaikalia kamba. Mmoja alimpiga teke la mdomo, hakuinuka. Walipuliza hewa mpaka alasiri ndipo wakamtoa.

Fahim alikuwa bado ameshika helmeti ya Tairi. Aliiweka chini, kando ya mguu wake. Alikumbuka jinsi alivyokicheka kile kipande mara tatu, akirudisha nyuma ili akicheke tena.

– Lakini alijua, alisema. Alijua kuliko nyie.

– Siku kumi na moja, bhabha. Mtu akingoja sana anachoka kuogopa.

Hatibu alimjazia Ngassa kikombe bila kuombwa. Ubishi ulikuwa umekwisha na hakuna aliyejua nani ameshinda.

– Jina lake lilikuwa nani? Mariana aliuliza.

Fahim alidhani anaulizwa habari za yule wa kwenye filamu. Akafungua mdomo kujibu, akakuta halijui. Wiki nzima amemsema, jina halijui. Kisha akaona kwamba mwalimu anamtazama Ngassa.

– Tunduru, Ngassa alisema.

– Huko si ndiko kwao?

– Ndivyo tulivyomwita, kwa kuwa alisema ametoka huko. Jina la kwao hatukuliuliza. Miaka miwili tulilala naye turubai moja.

Alikizungusha kikombe.

– Siku ya kuzika tulikuwa na ubao na rangi. Tukaona tukiandika Tunduru, mpita njia atadhani tunaelekeza watu.

– Mkaandika nini?

– Tuliusimamisha hivyohivyo, bila neno.