Gundi Iliyopitishwa na Gundi Inayopitisha

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mzee Nikodemo Chidawali, Mwenyekiti wa Umoja wa Wenye Kumbi za Mikutano. Viongozi wetu wa dini. Wajumbe wa kamati ya manunuzi, mliokaa mbele kuliko mlivyopangiwa. Mafundi wenzangu wa karakana ya Ihumwa. Ndugu wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa ila mmesikia harufu ya pilau: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo, na mimi Mrangi wa Kondoa nawasalimu wenyeji wangu kwa Kigogo chao, mbukwenyi!

Mimi ni Mishi Uwesu, msimamizi wa karakana hii. Tumekusanyika kuzindua kifaa kinachoitwa Inatosha. Kazi yake ni moja tu: msemaji akizidisha muda, kinakata kipaza sauti. Hakimpelekei kikaratasi cha kumkumbusha, hakimkonyezi, wala hakijali ni nani. Katika mji huu unaoishi kwa vikao, yupo asiyejua kwa nini tunakihitaji? Mzee Nikodemo mwenyewe anajua, maana alipozindua ukumbi wake wa mwisho, bibi harusi wa shughuli iliyofuata alimkuta bado yuko kwenye shukrani.

Kifaa chenyewe kimefungwa hapa chini ya meza yangu. Muda wangu ameupanga fundi Emilia, na amekataa kunitajia, nisije nikajipanga kumaliza sambamba nacho. Asubuhi ameniambia, "Dada Mishi, leo ukimaliza hotuba yako vizuri, tumekwisha." Na ni kweli. Mzee Nikodemo, mwenye jengo, ameshatamka kwamba kisipokata leo, karakana inafungwa na jengo linarudi kuwa ghala la alizeti. Kwa hiyo, ndugu zangu, huenda mimi ndiye msemaji wa kwanza Dodoma kupanda jukwaani akiomba akatizwe.

Tumefikaje hapa? Kwa neno moja tu. Moyo wa Inatosha ni chipu ndogo iliyokaa juu ya plastiki laini. Ukiichomelea kwa risasi iliyoyeyushwa, ile ya mafundi redio, plastiki yote inakunjamana. Ndiyo maana tunatumia gundi yenye unga wa fedha ndani yake; fedha ya madini, wajumbe, si ile ya posho. Gundi inashika, na umeme unapita kwenye ule unga. Basi tukaiomba kamati: tunahitaji gundi inayopitisha. Mwenyekiti wa kamati, Ndugu Sila, akaelewa kwamba tunahitaji gundi iliyopitishwa.

Mnacheka? Wao hawakucheka. Walikaa kule Makole tangu asubuhi mpaka chai ya jioni, wakaweka gundi ya viatu mezani, wakaijadili kifungu kwa kifungu, wakaipitisha kwa kauli moja. Bi. Devota peke yake ndiye aliyeuliza kama inanuka, akajibiwa kwamba hilo litawekwa kwenye mengineyo. Ilipitishwa na wajumbe wote, lakini yenyewe haikupitisha chochote. Emilia akaipima kwa mita, sindano ikalala. Ndugu Sila akaitazama ile mita, akasema, na namnukuu kwa heshima zote, "Hicho kipimo hakikuhudhuria kikao."

Tukatumwa Haneti, tukiwa na kifaa hivyohivyo, kwenye mkutano wa wakulima. Bwana shamba Athuman akaambiwa azungumze mpaka kimkate. Ni mtu mtiifu sana. Akamaliza habari za mtama. Akasimulia maisha yake. Akaingia kwenye ugomvi wake na kaka yake, wakapatana humohumo ndani ya hotuba, kwa kuwa kaka alikuwa amekaa mstari wa pili, watu wakalia. Maiki bado inaunguruma! Akachukua mfuko wa mbegu, akaanza kutusomea maandishi ya mgongoni. Sauti ilipomkauka alinitazama kwa macho ambayo mpaka leo yananiuma.

Kamati ikakubali kutafuta gundi inayopitisha kweli. Kumbe nazo ziko za aina mbili. Emilia, mwenye stashahada yake na mdomo wake, akawaeleza kwa ukali: "Hii inapitisha umeme pande zote, inafaa penye nafasi, kama kwenye vishikio vya betri. Hii nyingine inapitisha kutoka juu kwenda chini tu. Miguu ya chipu imebanana. Mkipaka ya pande zote, umeme utahamia kwa jirani." Ndugu Sila akauliza ipi inashirikisha wadau wengi zaidi. Jibu mnalijua. Tukapaka ya pande zote. Kwenye mahafali fulani Mchungaji Joshua akasema, "Tuombe," kikamkata. Akarudia, kikamkata. Akaomba kimoyomoyo kwa hasira, na waumini wakaitikia amina kwa kukisia.

Hii ya leo Emilia aliichagua mwenyewe, kabla kamati haijapata akidi. Kwenye betri ameweka ya pande zote, kwenye chipu ya juu kwenda chini, akaibana kwa joto la wastani ambalo plastiki inalivumilia. Nanyi vijana wa vyuo, mnaocheka huko nyuma, sikilizeni. Kabla ya kununua, ulizeni gundi itakaa juu ya madini gani, maana juu ya bati inaanza vizuri kisha inadhoofika. Ikitoka kwenye friza, iacheni izoee joto la chumba kopo likiwa limefungwa, la sivyo unyevu unaingia. Futeni vumbi letu hili la Dodoma, na msiguse kwa vidole vya jasho. Bi. Salma muuza barafu, wewe uliyetuhifadhia gundi kwenye friza yako, asante kwa kutomuuzia mtu, hata yule aliyekusihi akidhani ni ya maziwa.

Mzee Nikodemo, naona unatazama saa. Nami naitazama. Pilau inapoa, na sina maneno tena. Nimewashukuru wapishi? Nawashukuru wapishi. Nawashukuru waliokuja, na waliotuma udhuru nawashukuru zaidi. Nawashukuru nyote kwa kuniazima masikio yenu muda wote huu, na kwa kawaida hapa ndipo ningeshuka mkapiga makofi.

Lakini sishuki. Emilia pale mlangoni anauma kucha, mafundi wenzake wameshikana mikono, na maiki hii inaendelea kunitii. Naogopa, ndugu zangu, nasema wazi. Mzee wangu, shikamoo tena. Kama kimegoma, usiwahesabie kosa hawa. Wameshinda juu ya zile meza mpaka macho yamewatoka maji, wamejifunza kazi ambayo hapa kwetu hakuna aliyekuwepo wa kuwafundisha, na wakitawanyika leo, kesho hatutawapata tena. Nakuomba kama mtoto wako, mbele ya watu wote hawa, nakuomba sana, Mzee wangu, usiifunge kara